Rudia Dadu Iliyostahili Kufaulu

Hotuba kwa wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, Mikocheni, Dar es Salaam

Ndugu zangu wachezaji, na ninyi waendesha mchezo, wasimulizi na waamuzi wa hadithi, mliokubali kuziacha meza zenu kwa muda, habari za mchana. Wazazi mliowasindikiza watoto wenu, shikamooni. Nawashukuru walioniomba nizungumze. Wamenipa mada ambayo ukiisikia unaidhania ndogo, lakini mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika mchezo wetu: ule uwezo wa kurusha dadu mara ya pili.

Kila mmoja hapa anaijua hali hiyo. Umerusha dadu ya pande 20, imelala kwenye 4, kisha unakumbuka kwamba kwenye karatasi ya mhusika wako pameandikwa kuwa unaweza kurudia. Meza nzima inakutazama. Unarudia au unaacha? Uamuzi wenyewe ni wa sekunde chache, na nimeona safari zilizochezwa kwa miezi mingi zikiokoka, au zikizama, ndani ya sekunde hizo.

Nina neno moja leo, na nalisema mapema ili hata atakayewahi daladala asiondoke bila kulisikia. Marudio ni ya mrusho uliostahili kufaulu, tena ule ambao kushindwa kwake kuna hasara kubwa. Wengi tunafanya kinyume. Tunayabania mpaka tumebanwa, tunahitaji 19 au 20 ndipo tupone, na hapo ndipo tunayatoa. Hapo ndipo yana thamani ndogo kuliko mahali pengine popote.

Nivumilieni kwa hesabu kidogo, maana bila hesabu haya yatabaki maneno tu. Tuseme mpiganaji wako anaongeza 7 anaposhambulia, na adui ana kinga ya 16, yaani jumla unayopaswa kuifikia ili umpate. Unahitaji 9 au zaidi kwenye dadu. Nyuso 12 kati ya 20 ziko upande wako, yaani asilimia 60. Ukikosa kisha ukarudia, marudio hayo nayo yana asilimia 60 ya kukufaa. Sasa mtoe adui huyo, mlete joka lenye kinga ya 26. Unahitaji 19. Nyuso mbili tu ndizo zako. Umekosa, umetoa marudio yako ya mwisho huku wenzako wakishangilia, na mara tisa katika kumi umeyatupa.

Najua anachosema mchezaji pale mezani: "Lakini hili ndilo joka! Kama si sasa, lini?" Namwelewa. Ila ukubwa wa adui haubadilishi nyuso za dadu. Na dadu haina kumbukumbu. Iliyokukatalia mara tatu mfululizo haikudaiwi ya nne. Kama unahitaji 19 mbele ya joka, kazi yako ya kwanza ni kuipunguza hiyo 19: mwombe mwenzako akuongezee dadu ya msaada, mzingire adui, tumia uchawi unaompunguzia kinga, au acha kabisa kumpiga na ufanye jambo lingine. Namba ikishuka hadi 12 au 11, hapo tuzungumze marudio.

Niseme kidogo kuhusu dadu zenyewe, kwa sababu vijana wengine wameniuliza. Dadu za ludo ziko kila mahali Kariakoo, ila za pande 20 ni za kutafuta, kwa hiyo zipo meza zinazotumia vikaratasi 20 ndani ya kopo. Ni njia nzuri na msiionee haya. Ila ukichota mara ya pili, rudisha kwanza kikaratasi cha kwanza na ulitikise kopo. Usipokirudisha, ile namba mbovu haimo tena, na nafasi yako ya 12 kati ya 20 inakuwa 12 kati ya 19, kutoka asilimia 60 hadi 63. Ni tofauti ndogo, lakini kanuni haikukupa. Na kwa wanaodhani dadu ya pande 20 ni kitu kigeni kilichotufikia juzi, jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York linayo moja ya kale sana iliyotoka Misri, yenye herufi za Kigiriki kwenye nyuso zake. Bara letu liliijua kabla ya Gary Gygax na Dave Arneson kuutoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974.

Turudi kwenye kiini. Kuna marudio unayoyaamua kabla ya kuona dadu, na kuna unayoyaamua baada ya kuona umeshindwa. Watu huyachanganya, na thamani zake hazifanani hata kidogo.

Yale ya kabla ni kama ile faida ya kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa, iliyokuja na toleo la 2014 la Dungeons & Dragons. Kama nafasi yako ni asilimia 10, faida inakupandisha hadi 19. Kama ni asilimia 50, unapanda hadi 75. Kama ni asilimia 90, unafika 99. Tazameni ongezeko: 9, kisha 25, kisha 9 tena. Katikati ndiko kunakolipa. Jambo gumu mno halisaidiki, na jambo rahisi mno lilikuwa linakwenda vizuri bila msaada wako.

Yale ya baada ni habari nyingine kabisa. Umekwisha kushindwa, hilo halina ubishi, na sasa thamani ya marudio ni sawasawa na nafasi yako ya kufaulu. Asilimia 10 ni 10, asilimia 50 ni 50, asilimia 90 ni 90. Kadiri jambo lilivyokuwa rahisi, ndivyo marudio yanavyokufaa zaidi. Na hapa wachezaji wengi huona aibu. Mtu ameshindwa kuruka ufa uliohitaji 4 tu, dadu imempa 2, anacheka na kusema "basi nimeanguka", kwa sababu anaona ni kupoteza marudio kwa kitu kidogo. Ndugu yangu, nyuso 17 kati ya 20 zilikuwa zako! Kama chini ya ufa kuna mto wa moto, hayo ndiyo marudio bora utakayoyapata usiku kucha.

Sasa, wale mnaocheza Dungeons & Dragons, sikilizeni hapa kwa makini, maana kati ya toleo la 2014 na la 2024 vitu viwili vimepishana njiani. Kipaji kiitwacho Lucky, katika toleo la 2014, kilikupa pointi 3 kwa kila mapumziko marefu ya wahusika ndani ya hadithi, na uliweza kuitoa pointi baada ya kuona dadu, mradi mwendesha mchezo hajatangaza matokeo. Katika toleo la 2024, pointi zinalingana na bonasi yako ya umahiri, ile nyongeza inayokua ngazi ya mhusika ikipanda, na pointi moja inakupa faida ya dadu mbili. Uamuzi umesogezwa nyuma. Lakini ile tuzo ya hamasa ambayo mwendesha mchezo humpa mchezaji aliyeigiza vizuri imekwenda upande wa pili. Ya 2014 ilikuwa faida, unaamua kabla. Ya 2024 ni kurudia dadu yoyote mara tu baada ya kuirusha, na lazima ukubali namba mpya.

Kwa hiyo meza mbili za Sinza, zote zikicheza mchezo wenye jina lilelile, zinatakiwa kuvitumia vitu hivi viwili kwa namna tofauti kabisa. Ukiwa na Lucky ya 2014, tulia, subiri ushindwe kwenye jambo rahisi lenye hasara. Ukiwa na ya 2024, tafuta mrusho wa nusu kwa nusu. Hamasa, kinyume chake. Nawasihi, kabla ya kikao cha kwanza cha kampeni, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, ulizeni toleo. Msiulizane katikati ya vita.

Nimesema "lenye hasara" mara mbili tatu, na sikulieleza. Tukae hapo kidogo, kwa sababu hesabu ya nafasi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujiuliza: nikishindwa sasa hivi, tunapoteza nini?

Tuseme msafara wenu umeingia kwenye magofu ya mji wa kale wa pwani, misikiti ya mawe ya matumbawe iliyoanguka mapaa, na kuna mizimu inayolinda kisima. Kuhani wenu, tumwite Bi Tunu, amewapa wenzake watatu baraka inayowaongezea dadu ya pande 4 kila wanaposhambulia na kila wanaporusha dadu ili kujinusuru na hatari. Baraka hiyo inadai umakini wake; umakini ukivunjika, baraka inakatika. Mzimu unampiga kwa madhara 14. Anatakiwa arushe kujinusuru kwa ustahimilivu, na kiwango cha kufikia ni 10 au nusu ya madhara, chochote kilicho kikubwa. Nusu ya 14 ni 7, kwa hiyo kiwango ni 10. Ana bonasi ya 2, anahitaji 8. Dadu inampa 5.

Mara nyingi katika hali hii mchezaji husema, "Haya, baraka imekatika," na mchezo unaendelea. Marudio anayo mfukoni, anayatunza kwa ajili ya zamu yake ya kushambulia. Hebu tupime. Marudio hapa yana asilimia 65 ya kufaulu, na yakifaulu yanaokoa dadu ya msaada kwa watu watatu kwa raundi zote zilizobaki. Pigo lake la rungu, hata likipata, litampunguzia mzimu mmoja uhai kidogo. Haya mawili hayakaribiani. Kama kuna jambo moja ningetaka mwondoke nalo na kulijaribu leo kwenye meza zenu, ni hili la kuulinda umakini wa mchawi au kuhani kwa marudio. Hakuna anayeshangilia mrusho huo, ila unalipa kuliko karibu yote.

Mfano wa pili ni ule uchawi wa kumgandisha mtu akawa hawezi kusogea. Ukishindwa kujinusuru, unapoteza zamu yako, na kila pigo linalokupata kutoka kwa adui aliye karibu nawe linahesabiwa kuwa pigo kuu, madadu ya madhara mara mbili. Kukosa shambulizi moja ni kupoteza shambulizi moja. Kugandishwa ni kupoteza zamu, labda mbili, labda mhusika mwenyewe. Ukiwa na marudio na umeshindwa mrusho wa namna hii, na nafasi yako ni ya heshima, usisite.

Tena mashambulizi yenyewe hayalingani. Mpiganaji anayepiga mara mbili kwa zamu akikosa moja bado anayo nyingine. Mwizi wa ngazi ya 7 anapiga mara moja, na pigo hilo likipata kwa hila linabeba dadu nne za pande 6 za ziada, wastani wa 14. Akikosa, zamu yake imekwisha bila kitu. Kama hamasa iko mikononi mwa mwendesha mchezo na anatafuta wa kumpa, mwizi huyo ataitumia vizuri zaidi kuliko mpiganaji. Na kanuni ya 2024 inasaidia hapa: ukipewa hamasa wakati tayari unayo, unaweza kumpa mwenzako asiye nayo. Mpeni. Nimeona watu wakiiacha ipotee kwa kutokujua.

Kisha kuna mrusho wa kifo. Mhusika ameanguka, uhai ni 0, kila zamu anarusha dadu: 10 na kuendelea ni hatua ya kupona, chini ya hapo ni hatua ya kufa, tatu za upande mmoja ndizo zinazoamua. 1 tupu inahesabiwa kuwa mbili za kufa. Mwenye hatua moja ya kufa akirusha 7, amepata ya pili, bado yuko. Wenzake wanaweza kumfikia. Mwenye hatua moja akirusha 1, amekwisha. Mirusho hii miwili yote ni kushindwa, na marudio katika yote mawili yana asilimia 55, lakini wa kwanza unaweza kuuacha upite kama kuna mganga karibu, wa pili huwezi. Mhusika ambaye kijana amemlea mwaka mzima, amemwandikia ukoo na nyimbo, asife huku marudio yakiwa bado yameandikwa kwenye karatasi yake. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Kwa wale wanaocheza mhusika wa jamii ya wafupi, wale hafilingi, hamna uamuzi wa kufanya. 1 ikitokea kwenye dadu ya pande 20, rudia, kubali itakayokuja. Nafasi ya kupata 1 mbili mfululizo ni moja kati ya 400. Kumbukeni tu kuitumia, na kumbukeni kwamba ukiwa na faida ya dadu mbili, unarudia ile moja tu, si zote.

Dadu za madhara nazo hazihitaji maneno mengi. Anayeshika upanga mkubwa wa dadu mbili za pande 6 na mtindo wa kupigana wa 2014 unaorudia 1 na 2, wastani wake unatoka 7 hadi 8.33. Mchawi wa kuzaliwa anayetoa pointi moja ili arudie baadhi ya dadu za uchawi wake arudie zilizo chini ya wastani tu: kwenye pande 6, ni 1, 2 na 3, kwenye pande 8, ni 1 hadi 4. Mpira wa moto ukikupa 1 mbili na 2 mbili, kuzirudia hizo nne kunakuongezea madhara 8 kwa wastani, na kwa pointi moja hiyo ni bei nzuri. Ikiwa zilizo chini ni 3 mbili peke yake, utapata 1 kwa wastani. Tunza pointi yako.

Nimeulizwa pia kuhusu kumlazimisha adui arudie. Kuna uchawi wa kiwango cha kwanza uitwao Silvery Barbs, uliotoka mwaka 2021, ambao adui akifaulu unamfanya arudie na kuchukua namba ndogo. Hesabu ni ileile ukiwa umeigeuza: mlenge adui aliyefaulu kwa bahati. Zimwi lililohitaji 16 ili kujinusuru, likapata 17, likirudia litashindwa mara tatu katika nne. Mzee wa majini aliyehitaji 3 tu, mwache, utachoma uchawi bure. Na wakuu wa mapango, wale wenye uwezo wa kuamua kufaulu hata wakishindwa, mara nyingi mara tatu kwa siku, watakula marudio yako na kuyatema. Kwao, marudio yanaweza kuwa njia ya kuwamalizia huo uwezo, lakini jua kwamba hicho ndicho unachonunua.

Uwezo ninaouona mzuri kuliko wote si marudio kamili. Ni ule wa mchawi wa ramli, Portent. Baada ya mapumziko marefu anarusha dadu mbili za pande 20 na kuziandika. Baadaye, kabla ya mrusho wowote wake au wa kiumbe anayemwona, anaweza kuweka namba mojawapo badala ya mrusho huo. Akiamka na 19 na 2, kila mtu anajua la kufanya: 2 ni ya adui, 19 ni yetu. Ninayotaka kuwasemea ni 10 na 11, ambazo wachezaji huzikunjia uso asubuhi. 10 ni hazina! Rudini kwa Bi Tunu aliyehitaji 8 ili baraka isikatike. Ukijua kiwango ni 10 na bonasi yake ni 2, basi 10 yako ni uhakika. Mwenzako aliye kwenye mrusho wa kifo anahitaji 10. Unampa. Namba ya kati ni uhakika wa mambo ya kati, na safari nyingi zinaharibikia kwenye mambo ya kati.

Wapiganaji wa ngazi ya 9 wana uwezo wa kurudia mrusho wa kujinusuru walioshindwa. Katika toleo la 2014, mpiganaji mwenye bonasi ya 1 kwenye hekima akikutana na kiwango cha 17 alihitaji 16, na marudio yake yalikuwa na asilimia 25, mapya bila nyongeza yoyote. Ulikuwa uwezo wa kumpa mtu matumaini madogo mahali alipo dhaifu. Toleo la 2024 linaongeza ngazi yake ya mpiganaji kwenye marudio. 9 hiyo inamshusha kutoka kuhitaji 16 hadi 7, yaani asilimia 70. Hapo sasa mpiganaji anaweza kutumia marudio dhidi ya uchawi wa akili, mahali ambapo zamani ningemshauri asiyatoe.

Michezo mingine ina desturi zake. Pathfinder toleo la pili, la 2019, linakuanzishia kikao na pointi moja ya shujaa, nawe huwezi kuwa na zaidi ya 3. Moja inarudia mrusho na lazima uchukue wa pili. Kuzitoa zote zilizobaki kunakuokoa na kifo. Kwa hiyo pointi ya mwisho pale ina bei tofauti na ya kwanza, na mimi humshauri anayepigana mstari wa mbele asiitoe hiyo ya mwisho kwa shambulizi. Tena mchezo huo una daraja nne za matokeo: ukikosa kwa 10 au zaidi ni kushindwa vibaya. Anayehitaji 12 akarudia kushindwa kwa kawaida ana asilimia 45 ya kufaulu, lakini ana asilimia 10 ya kuanguka zaidi. Savage Worlds inakupa vishina vitatu, yaani alama za kurudia mrusho ziitwazo Bennies, mwanzo wa kikao, na ukirudia unabaki na namba bora, kwa hiyo hofu ya kuharibu zaidi ni ndogo, isipokuwa marudio yakileta kushindwa vibaya kabisa. Someni mstari huo mmoja kwenye kanuni zenu: namba mpya ni ya lazima, au unachagua?

Sasa kuna saa. Na hapa naongea na sisi wa Dar es Salaam.

Pointi za Pathfinder na vishina vya Savage Worlds vinafutwa kikao kikiisha. Kikao chetu kinaisha lini? Kwenye karatasi, saa mbili usiku. Kwa kweli, kinaisha pale wa Mbagala anapoanza kutazama simu yake, au umeme unapokatika, au wa Kimara anaposema foleni ya Morogoro Road ikianza hatafika. Kikao kilichoanza kwa kuchelewa kinaisha kwa kuwahi. Na mchezaji aliyepanga kuyatumia marudio yake "mwishoni" hujikuta anakunja karatasi akiwa nayo yote. Kocha wa Simba au Yanga anayeingoja dakika ya 95 ili afanye mabadiliko, wakati mwamuzi anaweza kupuliza dakika ya 92, amejinyima wachezaji wake mwenyewe.

Njia yangu ni kushusha masharti kadiri saa inavyokwenda. Mwanzo wa kikao nadai vyote viwili, nafasi nzuri na hasara kubwa. Katikati nakubali hasara ya wastani. Nusu saa ya mwisho, shambulizi la kawaida lenye asilimia 60 linatosha, toa. Kwenye Dungeons & Dragons, ambako pointi hurudi kwa mapumziko marefu ya wahusika, saa unayoitazama ni ya ndani ya hadithi: kama msafara umekwisha kuwasha moto na mganga anagawa chakula, pointi iliyobaki imekwenda bure, na ilikuwa na kazi kwenye pango la mchana.

Waendesha mchezo, nina maombi matatu kwenu, na nayasema kwa heshima kwa sababu najua kazi mnayoifanya.

La kwanza, msiwahi kutangaza. Uwezo mwingi wa baada unafungwa pale matokeo yanaposemwa. Mchezaji akisema "nimepata 13", vuta pumzi moja kabla ya kusema "umekosa". Pumzi hiyo ni haki yake. Ukimkatiza, umemnyang'anya uwezo aliouchagua alipomjenga mhusika, na wageni mezani hawatajua hata kulalamika.

La pili, semeni viwango waziwazi pale ambapo mhusika angeweza kukadiria. Mpanda ukuta anauona ukuta. Mchezaji anayejua anahitaji 12 anaamua kwa akili, asiyejua anaamua kwa hofu. Najua wapo wanaopenda siri na nawaheshimu, lakini nimekaa upande wa uwazi na sijaona hadithi ikipungua utamu kwa hilo.

La tatu, tangazeni muda. "Tuna nusu saa." Maneno matatu tu, na meza nzima itaamka.

Na sisi wachezaji tuulizane. Kabla ya kurudia, mtazame mwenzako na umuulize: ukipoteza hii, tunapoteza nini? Mara nyingi mwenye mhusika anaona jeraha lake, na jirani yake ndiye anayeona baraka inayokatika. Ila uamuzi wa mwisho ni wa mwenye karatasi. Mmeona meza ambapo mchezaji mkongwe anawaamulia wadogo kila mrusho. Binti wa miaka kumi na tano anashika dadu huku watu wanne wakimpigia kelele. Mshauri, kisha nyamaza. Akitoa marudio yake kwa mrusho wa asilimia 20 kwa sababu mhusika wake anamtetea ndugu yake, hiyo ni hadithi yake na ana haki nayo. Mwulize baadaye kama aliijua hesabu. Kama aliijua, hana la kujibu.

Nimemaliza. Meza nne za nyuma zina nafasi kwa wasio na kundi, na dadu za kuazima ziko kwenye sanduku la bati karibu na mlango. Mwenye swali la toleo fulani la kanuni anikute hapo, tulifungue kitabu pamoja. Asanteni sana.